Sahihi ya Tatu

Foleni ya ofisi ya manispaa ilikuwa imefika mlangoni, watu wakisukumana, na mwalimu wa hesabu akamkanyaga muuguzi kiatu chake cheupe.

"Samahani, dada. Nitakifuta."

"Ukifute kwa hilo shati ulilolinyoosha hivyo? Acha tu."

Wakacheka. Kabla hawajafika dirishani walikuwa wamepeana namba za simu.

Mji wao ulikuwa mdogo, wenye ziwa na hewa safi, na kila mwenye nacho alitaka kuhamia. Kodi zikapanda. Muuguzi alibanana na wenzake watatu chumba kimoja, wakipokezana vitanda kwa zamu za kazi. Mwalimu aliishi kwa mama yake, mtaa wa mlimani, kwenye nyumba yenye bustani.

"Laazizi, tukioana tutakaa wapi?" mwalimu alimuuliza kwenye simu.

"Kwenye ghorofa zitakazojengwa mtaani kwenu. Kwenye orodha ya wapangaji mimi ni wa kumi na tisa. Tutakuwa na jiko letu wenyewe."

"Na mama mkwe jirani."

"Nitamzoea. Mbona wewe nimekuzoea?"

Baada ya mwaka mradi wa ghorofa ukafutwa. Muuguzi alikwenda kusoma tangazo ukutani mwa manispaa, akakuta chini yake majina ya wakazi waliopinga. La tatu lilikuwa la mwalimu, pamoja na sahihi yake. Akampigia palepale.

"Ulisaini?"

"Mama alileta karatasi tukiwa mezani. Alisema ghorofa zitatujazia watu wa ovyo. Sikutaka kumuudhi."

"Hao watu wa ovyo ndio mimi."

"Usiseme hivyo, kipenzi. Njoo tukae nyumbani, chumba changu kinatosha."

"Mama amekubali?"

Mwalimu akarudia kwamba chumba kinatosha, na muuguzi akawa ameshajibiwa.

Kesho yake mwalimu alikwenda kuomba jina lake lifutwe. Karani akamwambia faili limeshafungwa. Muuguzi naye akaomba uhamisho, hospitali ya mbali, kwenye wilaya kame isiyogombewa na mtu. Mwalimu alimkuta kituo cha basi, amevaa gauni la kijani alilomnunulia yeye, akamtolea pete.

"Nipe muda nizungumze na mama, kisha nikufuate."

"Muda ulikuwa nao, mpenzi. Mwaka mzima."

Muuguzi alimkumbatia, akanusa sabuni kwenye kola yake, akapanda basi. Pete ilibaki kiganjani mwa mwalimu.

Huko alikokwenda walimpa nyumba ya vyumba viwili. Kimoja, ambacho kingekuwa jiko lao, hakukifungua mpaka mvua za mwaka uliofuata, alipoanza kupika humo peke yake.