Mashine Iliyochomolewa

Aliyenisimulia ni wifi yangu, mjane wa kaka. Wote wawili walikuwa waandishi wa skripti, yale maagizo yanayoiongoza kompyuta kuunda programu. Kaka alishikilia kwamba skripti njema hukubali kwenye kila mashine, kwa hiyo alitunza kompyuta moja kuukuu ya kujaribia. Skripti ikikwama, kompyuta hiyo ilitoa mlio mrefu, naye akacheka: "Bibi kizee amekataa!"

Baada ya mazishi, bosi akamwambia wifi, "Pole, dada, lakini mashine ile haina mteja tena. Ondoa mistari yake."

Wifi akaichomoa, akaviringisha waya, kisha akaketi kwenye kompyuta yake kufuta mistari ambayo mumewe aliiandikia ile kuukuu. Alifuta huku analia, maana ndiyo kazi pekee ya marehemu iliyokuwa bado inatumika. Alipofuta wa mwisho, umeme ukakatika. Ilikuwa jioni ya mvua, na chumba kikawa giza totoro. Kutoka pembeni, ilipokuwa ile kuukuu, akasikia vitufe vikibonyezwa taratibu, kwa vidole viwili, kama alivyozoea kaka. Halafu mlio mrefu.

"Wifi, nilimwita jina lake," aliniambia. "Mlio ukakoma."

Akaniomba nikaichukue. Kesho yake asubuhi nilimwacha mwanangu kwa mama, nikaenda. Waya ulikuwa bado umeviringishwa. Niliipakata mashine kifuani kama mtoto. Ilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.