Bomba Chini ya Msalaba

Haya yalimpata rafiki yangu Modest, na mpaka leo hapiti njia ya Maguu.

Ilikuwa miaka ile wawekezaji walipoanza kumiminika, naye aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichoronga ardhi kwa mabomba marefu ya chuma kutafuta makaa ya mawe. Alama moja ya kuchoronga iliangukia juu ya kaburi, katikati ya mibuni ya Bibi Tadea, mjane wa kijiji cha Maguu. Modest alikuwa amemwahidi bibi kwamba kaburi la mumewe halitaguswa. Lakini bibi alipolazwa hospitali, Modest na wenzake waling'oa msalaba, wakachoronga. Bomba la chuma lilinasa shimoni, basi wakalikata usawa wa ardhi, wakalifukia kwa udongo na kusimika msalaba palepale.

Bibi aliporuhusiwa, Modest alikwenda kumpa pole. Alimkuta kaburini, jioni, ukungu umeshuka hata mibuni haionekani.

"Zamani nilikuwa namsalimia tu, naondoka," bibi alisema. "Tangu nirudi, anaitika. Ila sauti yake inatoka mbali, kama mtu aliye kisimani."

Modest aliutazama msalaba.

"Msalimie na wewe, mwanangu. Ni mkubwa wako."

Modest aliinama. Udongo ulikuwa umetitia, mdomo wa bomba uko wazi, na matone ya ukungu yalidondoka ndani bila kusikika yakifika. Kwa aibu, shikamoo ikagoma kutoka.

Ndipo kutoka chini kabisa, taratibu, ikapanda sauti ya mzee.

"Marahaba, Modest."