Mwasiti na Matofali Yaliyopinda

Kila asubuhi Mwasiti alipoamka, ndoo ya maji ya kuoga ilikuwa inamsubiri nyuma ya nyumba. Alioga, akavaa soksi nyeupe na viatu vyeusi, akanywa chai kwa maandazi, kisha akaenda shuleni akipita mbali na barabara ili vumbi la malori lisimfikie. Baba yake, Mzee Zahoro, alikuwa na lori lake mwenyewe, na mwaka ule wa 1974 watu wa namna hiyo hapa Tunduma walikuwa wachache sana.

Mwasiti hakuwa mtoto wa kujidai. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila alichokishika lazima kinyooke. Mstari ukipinda kwenye daftari, alichana karatasi nzima akaanza upya. Wenzake, ambao daftari moja lilipaswa kuwafikisha likizo, walimtazama wakameza mate.

Mwaka huo darasa la kwanza halikuwa na chumba. Watoto walisomea nje, na mvua ikinyesha walirudishwa nyumbani. Wazazi walikuwa wameshapata mabati na kukata kuni za kuchomea matofali. Kazi ya kufyatua matofali iliachiwa darasa la sita, darasa la akina Mwasiti, na tanuri lilitakiwa kuwashwa kabla ya mvua za Novemba. Mwalimu Mbonile aligawa kazi: wengine wakachimba na kukanyaga udongo, wengine wakachota maji kisimani kule bondeni. Mwasiti, kwa unadhifu wake, akapewa kusimamia ufyatuaji.

Hapo ndipo mambo yalipoenda kombo. Matofali ya Mwasiti yalikuwa mazuri kweli, hilo hakuna aliyebisha. Lakini kila baada ya tofali moja aliosha kalibu, lile sanduku la mbao lisilo na kitako, akamwaga maji mengi mpaka mbao ziwe safi kabisa. Na tofali la mwenzake likitoka na kona iliyochubuka, alilikanyaga kwa kisigino likarudi kuwa tope. "Hili limepinda," alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtu. Wiki zikapita. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima ya Mbozi, na safu za matofali zilikuwa bado fupi.

Siku moja Jenista, aliyekuwa mmoja wa wachota maji, alitua debe lake akamsogelea.

"Mwasiti, mdogo wangu yuko darasa la kwanza," alisema. "Mvua ikitukuta hivi, atakaa nyumbani tena. Yaache hata hayo yenye kona mbovu."

"Tukijenga vibaya tutachekwa," Mwasiti akajibu. "Wewe lete maji tu. Haya niachie mimi."

Jenista akachukua debe lake akaondoka. Mwalimu Mbonile alikuwa karibu na alisikia yote. Hakumgombeza mtu. Kesho yake alitangaza kwamba waliokuwa wakifyatua watachota maji, na waliokuwa wakichota watafyatua.

Mwasiti aliteremka bondeni kwa furaha, akiona kama ni matembezi. Kisimani alikuta foleni ndefu, na katikati ya foleni alimwona Tabu. Tabu alikuwa binti wa shangazi yake kutoka Msangano, aliyekuja kuishi kwao na kusaidia kazi za nyumbani.

"Unafanya nini huku?" Mwasiti akauliza.

Tabu alicheka. "Nachota maji ya kwetu. Ulidhani yanaota nyuma ya nyumba? Haya ni ya kufulia soksi zako."

Mwasiti aliitazama ndoo ya Tabu. Aliishi na Tabu nyumba moja, akala naye sahani moja, na hata siku moja hakuwahi kuuliza maji yanatoka wapi. Tabu akamsokotea kitambaa kiwe ngata, akamwekea kichwani na kumtwika ndoo. Kilima kilikuwa kirefu. Maji yalimmwagikia mabegani, shingo ikamuuma, viatu vikateleza, na watoto wadogo waliokuwa njiani walimpisha huku wakijiziba midomo. Alipofika shuleni alikuwa ameloa chapachapa, na ndoo ilikuwa nusu.

Danford, mvulana aliyependa mzaha kuliko chakula, alimsaidia kuitua. Kisha akayachota maji kwa kopo na kuanza kuimwagia kalibu, polepole, kwa madaha.

"Danford, usimwage! Unajua yametoka wapi hayo?" Mwasiti akapiga kelele.

"Naosha kalibu, fundi mkuu," Danford akasema. Akainua kisigino juu ya tofali la Jenista. "Na hili, naona limepinda."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwasiti alisimama akichuruzika maji, uso ukiwaka kwa aibu. Alijiona alivyokuwa, na akaona hali yenyewe inachekesha. Akaanza kucheka pamoja nao mpaka akakaa chini kwenye tope. Kisha akamsukuma Danford pembeni.

"Liache," alisema. "Litakauka hivyo hivyo."

Jioni alimwambia Tabu kwamba kuanzia kesho wataenda kisimani pamoja kabla ya shule. Tabu alimtania kwamba atachelewa kuvaa soksi. Mwasiti akajibu kuwa basi atakwenda bila soksi.

Tangu siku hiyo kazi ilikimbia. Walichota kwa zamu, wakafyatua kwa zamu, wakiimba. Matofali mengine yalibaki na alama za vidole, na moja lilikanyagwa na kuku likiwa bado bichi. Mwasiti alipoliona, mikono ilimwasha, akaificha mgongoni. Tanuri likawashwa mbingu zikiwa bado kavu, na wazazi wakapandisha kuta na kuezeka kwa haraka.

Siku mvua kubwa ya kwanza ilipopiga mabati, hakuna aliyerudishwa nyumbani. Darasa la kwanza walikuwa ndani, akiwemo mdogo wake Jenista, wakisoma silabi kwa sauti kubwa kushindana na mvua. Mwasiti na Jenista walisimama mlangoni wakiwatazama, wameshikana mikono. Mwalimu Mbonile akaja kusimama nao.

"Mwasiti, nionyeshe matofali yako," alisema.

Mwasiti aliutazama ukuta kutoka juu mpaka chini. Akatikisa kichwa akicheka. "Siyajui tena, Mwalimu. Yamechanganyika."

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Kupenda kazi nzuri si kosa, mwanangu, endelea kuipenda. Kosa ni kudai kila kitu kinyooke huku umesahau ni nani amekubebea maji."