Meza ya Metre Mbili na Nusu

Naapa mbele ya watu wote wa Bunia, kutoka Saio mpaka Mudzipela: haya yalifanyika kabisa, na mimi sikuongeza hata neno.

— Vital, toa hii kitu mu nyumba yangu!

Pétronille alikuwa amebanwa kati ya ukuta na meza, kama nguo mu valizi. Meza ya mbao ya libuyu, metre mbili na nusu, ilifika asubuhi na mukokoteni. Mulango uliikataa, ikapitishwa dirishani, na sasa imekula salon yote. Viti vyake munane vilibaki inje kwa jua. Arusi yake na Vital ilibaki siku sita.

— Si weye njo uliomba meza? Vital alijibu toka upande wa pili, karibu na dirisha.

— Niliomba ya watu wane! Nilipima salon na kamba mbele yako. Metre moja na robo, nilisema. Mutu akivuta kiti nyuma akae, mwingine apate kupita na sufuria ya moto. Sasa nitapitia wapi? Chini, kama kuku?

— Menuisier aliyeichonga alikosea.

— Alikosea mara mbili nzima? Ama ndugu zako ba Butembo banakuya kula hapa kila siku ya Mungu, na mimi sijaulizwa?

— Usiingize ndugu zangu hapa!

— Nitawaingiza wapi? Nafasi haiko!

Kilichomuuma Pétronille si mbao. Mwanaume asiyesikia namba moja tu mbele ya arusi, nyuma ya arusi atasikia nini? Akaona heri amuulize mara ya mwisho.

— Vital, niangalie. Ulimwambia menuisier nini? Ukinidanganya, arusi haiko.

— Vile ulisema, njo vile nilimwambia. Haki ya Mungu.

Telefone ya Vital ikalia juu ya meza, kwa upande wa Pétronille. Vital akanyoosha mukono, akanyoosha mpaka bega likalia. Meza ilikuwa ndefu kumupita. Pétronille akaokota, akasoma kwa sauti:

"Chéri, meza imefika huku Mudzipela. Juu ya nini ni kadogo hivi? Salon yetu ni ya metre sita! Hii ni ya kulia ao ya kuwekea radio? Ni Ornella wako."

Vital akapanda juu ya meza, akaanza kutambaa. Pétronille alikuwa amekwisha kupiga.

— Allô, chéri?

— Si chéri. Ni Pétronille wa Saio. Vital ananioa posho hii, zimebaki siku sita, ku ofisi ya commune.

Ornella akapandisha sauti:

— Posho hii? Mimi aliniambia mwezi wa kumi na mbili. Weye aliniambia ni dada yake!

— Dada! Kitenge ya arusi iko kwa mushonaji, na mimi niko dada!

— Ornella, usimusikilize! Vital akalia, magoti juu ya mbao.

— Iko wapi huyo mwongo?

— Iko juu ya meza yako, kama mbuzi.

— Yangu ni gani?

— Metre mbili na nusu, viti munane.

— Njo yenyewe! Huku iko ya metre moja na robo.

— Ile ni yangu. Tubadilishe leo, dada.

— Sawa. Na huyo bwana? Unabaki naye?

— Salon yangu nilipima muzuri. Hana nafasi.

— Hata huku hana.

Mbele ya jua kuzama, meza ndogo ilikuwa imesimama pahali pake. Pétronille akavuta kiti ya plastiki nyuma, akapita na sufuria, hakugusa ukuta. Akapigia mushonaji: ile kitenge aishone robe ya kwendea misa.

Aliyechanganya meza ni mwenye mukokoteni. Menuisier, mutu wa akili na sura nzuri, hana kosa hata moja.

Nilipotuma haya mu groupe ya WhatsApp, Pétronille mwenyewe akajibu: "Muzee Étienne, mwenye mukokoteni hajui kuandika. Jina langu liliandikwa na chaki chini ya meza ya Ornella, na ule mwandiko ni wako. Viti vyangu vine viko wapi?"

Sawa, mama, umenikamata. Vital alikuya kwangu kuagiza meza mbili siku moja, zote mbili "ya bibi yangu". Nilichanganya kwa kusudi. Randa yangu niliitundika nilipoacha kazi, nyuma ya zile meza mbili, lakini leo nimeishusha. Viti viwili viko tayari, viwili kesho. Bure.