Kilichoingia Umeme Ulipokatika

Umeme uliporudi alasiri ile, kila kitu dukani kiliamka isipokuwa kompyuta. Taa iliwaka, feni ya darini ikaanza kuzunguka, redio ya jirani ikaendelea na makelele yake. Mama Chapa akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena, kisha akaweka kiganja juu ya mashine na kukiondoa upesi.

"Ina joto," alimwambia mumewe.

"Si ulikuwa unaitumia?"

"Niitumieje, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi?"

Mumewe alikuwa fundi saa. Duka walikuwa wamegawana: yeye na saa zake mbovu upande wa dirishani, mkewe na kompyuta yake ukutani, akiwachapia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Katikati lilikaa benchi la wateja. Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu, kwa hiyo mashine ile ndiyo iliyokuwa ikiwaweka mjini. Na ndani yake ilikuwamo mitihani ya shule nzima, ambayo mwalimu mkuu alikuwa akiisubiri.

Fundi hakuwa wa kutafutwa mbali. Dada wa mume alikuwa akitengeneza kompyuta mtaa wa pili.

"Mawifi wengine huleta maneno," alisema akitua mkoba wake wa bisibisi. "Mimi naleta mtandao. Haya wifi, mgonjwa yuko wapi?"

Alijaribu soketi kwa taa ya mezani, ikawaka. Akabadilisha waya, mashine haikushtuka. Akafungua ubavu wake, akapuliza vumbi, akachomoa kibao cha kumbukumbu na kukisugua kwa kifutio, akakirudisha. Wapi.

"Mara nyingine umeme ukikatika ghafla, kidogo hunasa ndani," alieleza. "Tunachomoa kila kitu, tunashikilia kitufe mpaka kiishe. Hapo huwa inaamka yenyewe."

Akachomoa nyaya zote, akazilaza sakafuni. Akabonyeza kitufe na kukishikilia.

Feni ya mashine ikazunguka.

Wifi akaachia kitufe kama aliyeshika kaa la moto. Feni haikusimama. Ilizunguka polepole, ikavuta hewa, ikaitoa, ikavuta tena.

"Wifi," Mama Chapa alinong'ona, "umechomoa kweli?"

"Si nyaya hizo hapo chini?"

Ndipo waliposikia saa. Saa za ukutani za duka lile hazikuwahi kupatana. Kila moja iligonga kivyake, kama vikongwe wanaobishana. Sasa zote ziligonga kwa pamoja, pigo moja, zikifuata pumzi ya ile feni, na harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kupanda kutoka sakafuni, na katika kioo cheusi cha kompyuta, kilichokuwa hakina waya hata mmoja, Mama Chapa akaiona sura yake mwenyewe, akamwona wifi yake ameinama, akamwona mumewe mezani, na katikati yao, juu ya benchi la wateja, akamwona wa nne, mrefu, amenyoosha mgongo, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika mapema na asiye na haraka ya kuhudumiwa.

Akageuka. Benchi lilikuwa tupu. Lakini mbao zake zililia, kama zinavyolia mtu mzito anapoinuka.

"Kaka, tutoke," wifi alisema. "Kaka!"

Fundi saa hakugeuka. Alizungumza akiwa amewapa mgongo, kwa sauti laini ambayo haikuwa yake.

"Msinifungue," alisema. "Ndiyo kwanza nimepata pa kulala."

Usiku huo hakukubali kutoka dukani. Walimvuta, wakambembeleza, wakalia. Alikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Alikaa kaweka kiganja juu ya mashine, na kadiri mashine ilivyozidi kuwa ya moto ndivyo mkono wake ulivyozidi kupoa.

Kesho yake usiku Mama Chapa alimleta mganga, mwanamke wa makamo asiye na makuu, aliyekuja na chetezo ndani ya mfuko wa sokoni. Alisimama mlangoni, akanusa, akatikisa kichwa.

"Giza likiingia ghafla huingia na watu wake," alisema. "Taa zikirudi, mwingine hukosa njia, akajificha palipo karibu. Huyu amepotea. Zima umeme, binti. Mlango uacheni wazi."

Wifi akazima swichi kuu. Moshi wa ubani ukajaa.

"Giza hilo, na njia hiyo," mganga alisema kwa upole. "Nenda zako kwa amani."

"Huko hakuna anayeniona," ulijibu mdomo wa fundi saa.

"Mwache mtu wa watu."

"Sitaki."

Mganga akamsogelea Mama Chapa sikioni. "Hawa wanaogopa kazi kuliko moto." Kisha akapaza sauti: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Wewe hungojewi ya tatu; jembe lako ni leo. Ukibaki humu utafanya kazi kama wenye nyumba. Kama hutaki, toka!"

Fundi saa akamwangukia mkewe begani, mkono umerudiwa na joto. "Mke wangu," alisema, na sauti ilikuwa yake. Mama Chapa akalia kwa shukrani.

Nyuma yao, kwenye kibodi ambayo waya wake ulikuwa unaning'inia, herufi moja ikagonga. Ikafuata nyingine. Kisha zikamiminika, bila kupumzika.

Mganga alikuwa ameshakumbatia chetezo chake, makaa yakiwa bado mekundu. "Fungeni," alisema. "Msirudi."

Walitia kufuli. Mitihani iliandikwa upya kwa mkono, na mwalimu mkuu akanuna muhula mzima. Fundi saa akapona, ingawa akiulizwa alisema tu kwamba alijiona kama mtu aliyesogezwa pembeni ili akae mwingine.

Mvua ilikuwa ikinyesha siku mkunga wa mtaa alipowapitia nyumbani, ana tangazo la kliniki yake mkononi, limechapwa vizuri ajabu.

"Kumbe mmefungua tena na hamsemi!" alisema akicheka. "Yule kijana wenu ana adabu jamani. Hataki hata senti. Kaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Anasema hajawahi kuona mtoto akizaliwa."

Mama Chapa akasimama. "Yuko wapi?"

"Si huyo hapo nje ananisubiri. Kuna mama ana uchungu tangu asubuhi, nikamwambia tuongozane. Nimemwachia mwavuli."

Mama Chapa akasogeza pazia. Barabarani mwavuli ulisimama wazi, juu, kimo cha mtu mrefu sana. Chini yake hapakuwa na mtu.

Akamkamata mkunga mkono kwa nguvu zake zote. "Huendi," alisema. "Huendi popote."

"Unaniumiza, mama! Kuna nini?"

Nje, mwavuli ukageuka taratibu, ukaanza kushuka barabara peke yake.

"Ona, keshachoka kusubiri," mkunga alisema. "Haidhuru. Nyumba nilishamwelekeza."