Moto wa Mwamba wa Itale

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alivua sare, akala wima, kisha akashuka machimboni kumsaidia shangazi yake kuchunga moto. Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa kuwa hata maji aliyanywa kama anayefukuzwa.

Shangazi alikuwa mpasua mawe. Mwamba wao ulikuwa wa itale, jiwe gumu lisilosikia nyundo peke yake. Huwashiwa kwanza moto mdogo, kuni chache chache, ukisogezwa taratibu mpaka gamba la juu lilegee. Nyundo hufuata baadaye. Chapuchapu aliona hayo ni mateso. Siku moja aliuliza mbona wasirundike kuni zote mara moja.

"Jiwe lenyewe halikupikwa kwa haraka, mwanangu," alisema shangazi, akamwonyesha chembe zake, nyeupe, nyeusi na zinazometameta. Akamsimulia aliyoyasikia kwa mtaalamu wa miamba aliyewahi kupita pale. Zamani za kale ardhi ilisukumana, ikakunjana, ikawa milima. Ilipokuwa nene hivyo, joto likanaswa chini kama kwenye chungu kilichofunikwa. Milima ilikwisha kusimama, joto ndiyo kwanza linakolea. Mawe ya chini kabisa yakayeyuka, yakapanda, kisha yakapoa polepole mno humo humo ardhini. Ndiyo maana chembe zilipata nafasi ya kukua hata zikaonekana kwa macho.

Shangazi akaenda kwa mhunzi kunoa tindo zake. Huku nyuma wasichana wenzake wakamwita Chapuchapu waruke kamba, wakimtania kwamba ameolewa na jivu. Akasukumia kuni zote motoni ili amalize upesi. Hazikupita dakika nyingi, jiwe likalia. Kipande kipana kama sinia kilikuwa kimebinuka, kimejikaza kama mtego. Akakifukia kwa majivu, kisha akaketi kumngoja shangazi.

Shangazi alirudi, akaondoa makaa, akapanga miguu vizuri. Akainua nyundo, pale pale penye majivu.

"Shangazi, usipige." Sauti ilimtoka nyembamba. "Hapo pamepasuka. Nilirundika kuni, halafu nikafunika."

Nyundo ikashushwa polepole. Shangazi alimsogeza mtoto nyuma, akachukua mtaimbo mrefu, akasimama kando na kukigusa kile kipande kwa ncha tu. Kikaruka kwa mlio mkali, kikapita mahali ambapo uso wa shangazi ungekuwa kama angepiga nyundo.

Wakaketi chini wote wawili. Shangazi akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akijipapasa macho kama anayehakikisha kwamba bado yako mawili. Chapuchapu naye akalia, kisha akacheka, asijue kipi kimeanza.

"Mwamba mwingine tutauwashia moto kesho," alisema shangazi alipopata pumzi. "Kukosea, hata mimi hukosea. Ila kosa ukilifunika halipotei. Linakaa linamngoja mtu. Wewe umesema kabla nyundo haijashuka, na ndiyo maana sasa hivi ninakuona."