Jina Lisilo Lake

Kila siku baada ya kutoka shule, Paskazia alivua sare, akala ugali wake wa uwele harakaharaka, kisha akakimbilia ofisini kwa shangazi yake. Ofisi hiyo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, kando ya soko la Majengo mjini Dodoma. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu: TUNACHAPA BARUA, RISALA NA KADI ZA HARUSI. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa biashara huria, ambapo kila mwenye chumba kilichotazama barabara alikigeuza duka. Shangazi Violeth alikuwa mpiga chapa wa serikali. Alipopunguzwa kazini, alichukua kiinua mgongo chake akanunua kompyuta moja kuukuu. Kompyuta hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na Paskazia.

Kazi ya Paskazia ilikuwa kupangusa vumbi. Vumbi la Dodoma halina adabu. Hupita chini ya mlango, likakaa kwenye kiti kabla ya mwenye kiti. Binti huyo alilipangusa bila kuchoka, kwa sababu baada ya hapo shangazi alimruhusu kufanya mazoezi ya kuchapa.

Wiki moja monita ya zamani, yaani kioo cha kompyuta, ilikufa. Shangazi akamwita Nikodemo, kijana wa Mlali aliyesomea chuo cha ufundi na kufungua meza ya kutengeneza redio ng'ambo ya barabara. Nikodemo alifika na monita nyingine, iliyotumika, ameifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli.

"Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo, huku akiibeba kifuani kama mtoto.

"Shikamoo, kaka Niko," alisema Paskazia.

"Marahaba, katibu muhtasi! Leta kitambaa, mgeni wetu ana vumbi la safari."

Aliunganisha waya, akawasha. Kompyuta haikuitambua monita ile.

"Zipo monita mpya ambazo hujitaja zenyewe kupitia waya huu," Nikodemo alieleza. "Kompyuta ikiwaka, inauliza, nazo zinajibu. Hii ni ya zamani, haijui kujitaja. Sharti mtu aitaje kwa kompyuta." Alichomeka disketi. "Humu mna draiva, yaani programu inayoielekeza kompyuta namna ya kusema na kifaa chake. Ona, hii inaiambia uwezo wa monita yetu: ichore nukta ngapi, na picha irudiwe mara ngapi kwa sekunde."

"Na ukiipa jina la nyingine?" aliuliza Paskazia.

"Ukiipa jina la monita kubwa, kompyuta itaibebesha mzigo wa kubwa. Itapiga kelele, na usipoiwahi itaungua."

"Umesikia, Paska?" alisema shangazi. "Mahali hapo usipaguse."

"Sawa, shangazi."

Siku mbili baadaye, shangazi alikwenda kununua karatasi. Alikuwa na kazi ya wanafunzi wa chuo iliyotakiwa kesho yake asubuhi. Rafiki yake Paskazia, Aneth, akaingia, akatazama kioo, akacheka.

"Mbona maandishi makubwa hivi? Kama ubao wa darasa la kwanza! Ofisini kwa baba herufi ni ndogo, zinang'aa."

"Hata zetu zinaweza."

"Thubutu! Labda ukiota."

Paskazia akashika kipanya. Alikuwa amemtazama Nikodemo vizuri, kwa hiyo njia aliijua. Ikafunguka orodha ndefu ya majina ya monita. Alichagua moja lililosifiwa kwa tarakimu kubwa kuliko yote. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika.

"Sema ndiyo, unaogopa nini?" alisema Aneth.

Paskazia akabonyeza. Ukatoka mlio mwembamba, kama nyigu aliyeingia sikioni. Picha ikachanika vipande vipande, ikakimbia pembeni, kisha kioo kikawa cheusi. Aneth hakuaga. Paskazia akachomoa waya wa umeme, akakaa kitini kama mgeni.

Shangazi alirudi, akachomeka waya, akawasha kompyuta. Mlio uleule, giza lilelile.

"Paska! Imekuwaje?"

Maneno ya kweli yalifika kooni. Paskazia akayameza.

"Sijui, shangazi. Ilizimika yenyewe."

Shangazi alibaki ameshika karatasi mpya. Kazi ya wanafunzi ilitakiwa asubuhi, na monita ile alikuwa ameilipia juzi tu. Alitoka nje, akasimama barabarani, akapaza sauti kuelekea meza ya redio: "Nikodemo! Mwizi mkubwa wee! Umeniibia! Umeniletea mzoga!"

Neno mwizi sokoni ni kiberiti kwenye nyasi kavu. Wiki hiyohiyo maduka mawili yalikuwa yamevunjwa, na watu walikuwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Sasa ilipata mahali. Kabla Nikodemo hajainuka, Ambokile mwuza nyama alikwisha kumkamata ukosi.

"Kumbe ni wewe!"

"Kaka, niache niende nikaone kwanza—"

Ngumi ilimpiga mdomoni, neno likaishia hapo. Meza ikapinduliwa, redio zikapasuka chini. Walimburuta hadi katikati ya barabara. Mmoja alimpiga kwa ufagio, mwingine kwa mkanda, mwingine akamkanyaga vidole vya mkono wa kulia mpaka vikalia. Watu ambao asubuhi walikuwa wameulizana hali ya watoto, sasa walisukumana kila mmoja apate nafasi ya kupiga. Damu ilimtiririka Nikodemo usoni, ikachanganyika na vumbi.

"Leteni tairi!" sauti ilipaa kutoka nyuma.

Gaudence, mziba pancha, akaja akiviringisha tairi chakavu, anacheka kama mtu anayekwenda ngomani.

Paskazia aliyaona yote akiwa mlangoni. Alijua kwamba akinyamaza, kesho hakuna atakayemwuliza kitu. Monita itakuwa mbovu, na Nikodemo atakuwa maiti. Akakimbia. Akajipenyeza kati ya miguu na viwiko, akipiga kelele: "Si yeye! Ni mimi! Ni mimi niliyeiharibu!" Hakuna aliyesikia. Kiwiko kikampiga mdomoni, akaanguka, akaona nyota mchana. Mtu akamkanyaga mgongo. Alitambaa hadi alipomwona shangazi, ambaye sasa alisimama ameshika kichwa. Akamshika kanga.

"Shangazi, nilikudanganya! Nilibadilisha jina la monita. Nikodemo hana kosa!"

Shangazi alimtazama mdomo uliojaa damu. Hakuuliza mara ya pili. Alivamia kundi lile kwa mabega, akaangusha mwili wake wote juu ya Nikodemo.

"Anayempiga anipige mimi kwanza!"

"Toka, mama! Si wewe uliyesema kakuibia?"

"Nilisema uongo! Uongo nilioletewa nikaumeza bila kutafuna!"

"Unamwonea huruma tu," alisema Ambokile, akiwa ameinua rungu. "Kama si mwizi, mashine yake iwake tuione."

Ndipo Nikodemo alipofungua jicho moja. Jingine lilikuwa limefunga kwa uvimbe. "Nipelekeni," alinong'ona. "Itawaka."

Wakamwingiza ofisini, Ambokile amemshika ukosi bado, watu wamejaa mlangoni na dirishani. Vidole vya Nikodemo havikukunjika tena.

"Paska, kaa wewe," alisema. "Ukiwasha, bonyeza kitufe cha F8, kile cha safu ya juu, kabla haijaanza kusoma draiva. Tutaiamsha kwa picha ndogo, ile ambayo kila monita huiweza. Ukisikia mlio, zima palepale."

Paskazia akawasha. Akachelewa kubonyeza. Mlio, giza. Akazima.

"Mnaona?" alisema Gaudence. Mlangoni watu wakaanza kunguruma. Rungu la Ambokile likasogea.

"Tulia," Nikodemo alimwambia mtoto, kana kwamba aliye hatarini ni yeye. "Usiisubiri. Bonyeza mfululizo."

Aliwasha tena, akabonyeza, akabonyeza. Kioo kikakaa cheusi. Kisha maandishi meupe yakatokea, yakafuatwa na picha yenye herufi kubwa, nono, zilizotulia. Paskazia akafungua orodha, akalifuta jina la uongo, akachagua jina halisi la monita ile. Alipoizima na kuiwasha mara ya mwisho, kazi ya wanafunzi wa chuo ilikuwapo yote, haikupotea hata mstari.

Gaudence alitoka kinyumenyume. Mlango ukawa mweupe, kama vile hapakuwa na watu. Ambokile aliuachia ukosi, akatazama damu kwenye kiganja chake. Akaenda kuleta mkokoteni wake wa nyama, akautandika magunia safi, na kwa mkokoteni huo wakamkimbiza Nikodemo hospitali.

"Nani kampiga hivi?" aliuliza muuguzi.

Ambokile alikificha mgongoni kiganja chake chenye damu.

"Ni sisi, dada," alijibu shangazi. "Andika hivyohivyo."

Walikaa kwenye benchi wakisubiri. Paskazia alishika mdomo wake uliovimba.

"Shangazi, hutanichapa?"

"Leo watu wamechapwa vya kutosha," alisema Shangazi Violeth. Akamgeukia. "Nisikilize, Paska. Uliipa monita jina lisilo lake, kompyuta ikaitesa, maana inaamini inachoambiwa. Nami nikampa kijana wa watu jina lisilo lake, na soko zima likaamini. Wewe ulisema uongo kwa kuogopa fimbo, mimi nikauamini kwa hasira. Ungesema kweli ungepata karipio, basi. Kosa likikiriwa mapema hurekebishwa kwa kitufe kimoja. Likifichwa, mwingine hulilipa kwa mwili wake. Na mtu mzima asiyeuliza kabla ya kupiga ni mbaya kuliko mtoto aliyedanganya."

Usiku ule Nikodemo hakulala hospitalini bila mwangalizi. Ambokile alikesha naye. Asubuhi, shangazi alimshika Paskazia mkono, wakaanza kwenye bucha, wakapita kwa mziba pancha, kwa wauza nyanya, meza hadi meza. Kila mahali mtoto alisimama wima na mdomo wake uliovimba, akasema: "Shikamooni. Nikodemo si mwizi. Mimi ndiye niliyedanganya."

Na kila mahali, kabla hawajaondoka, shangazi aliongeza: "Na mimi ndiye niliyemwita mwizi."